Foleni ya Madebe ya Fundi Nyongesa

Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, lori lililomleta Nyongesa lilikuwa limevunjika ekseli pale kijiji cha Bonga, na dereva wake, mtu mwenye akili nyingi kuliko utu, alikuwa amekwisha kudandia lori jingine kurudi Nairobi kutafuta spea. Hadi leo anaitafuta. Nyongesa alikuwa utingo tu. Alilinda lori wiki ya kwanza, akalilinda mwezi, hadi njaa ilipomfundisha kuwa lori haliliwi. Akashuka mjini, akaombwa aangalie injini ya mashine ya kusaga ya Nakwa, kitongoji cha juu ya mji, iliyokuwa ikikohoa. Akaiangalia, na hakutoka tena.

Ikaja ile miaka ya uhaba, ambayo kipande cha sabuni kilifichwa chini ya godoro. Mashine nyingine za mji zilikufa moja moja zikingoja vipuri. Ya Nyongesa ilinguruma. Mkanda ukikatika, alichana tairi la lori akalishona kwa waya. Chekecheke ikitoboka, alichukua kipande cha bati akakitoboa kwa msumari, tundu baada ya tundu, siku tatu mfululizo. Akamwoa Xaveria, binti wa mkulima aliyeteremka kutoka Mbulu kuja Bonga, wakafunga ndoa kanisani, wakawapata Leonsi na Rosa. Karatasi ya kuishi nchini hakuwa nayo, wala hakuna aliyeiuliza. Mpaka umefungwa, angekwenda wapi?

Ajabu ni kwamba balaa lilimjia na habari njema. Mwishoni mwa mwaka 1983 mpaka ukafunguliwa, watu wakashangilia. Machi iliyofuata akaja afisa wa uhamiaji kutoka Arusha, Ndugu Eliakunda, akaazimwa chumba mjini na kuwaita wageni wote.

"Ndugu Nyongesa, njia iko wazi sasa," alimwambia. "Kwa nini usirudi kwenu?"

"Mke wangu yuko hapa, bwana afisa. Na watoto."

"Wageni wote husema hivyo. Kesho saa mbili uje na balozi wako wa nyumba kumi, na mashahidi wawili wanaokujua miaka mitano au zaidi. Ndugu na mke hawahesabiwi. Saa tano naondoka. Usipowaleta, utaondoka na mimi."

Nyongesa alirudi nyumbani akamweleza Xaveria. Mashahidi wawili si kitu, lakini jioni ile mvua ya kwanza ya masika ilinyesha, na asiyejua maana yake hajawahi kulima. Kesho yake hata mgonjwa angekuwa shambani anapanda.

"Nitawaambia wenzangu," alisema Xaveria, akajitanda khanga na kutoka.

Hapa lazima nieleze desturi ya mashine ya Nakwa. Alfajiri mama huleta debe lake la mahindi, hulipanga kwenye mstari, kisha huenda zake shambani. Debe lililopangwa ni mtu, na halirukwi hata na mke wa diwani. Injini ikinguruma ndipo wenyewe huja mbio, kila mmoja nyuma ya debe lake.

Asubuhi Nyongesa alipofika kwenye chumba cha afisa, aliona madebe kumi na saba yamepangwa mlangoni. Aliyajua yote. Lile la buluu lisilo na mkono lilikuwa la Mama Hilaria, na lile lililobonyea lilikuwa la Mama Bernadina. Walikuwa wamekuja kumsimamia. Kisha akatazama kulia na kushoto, asione mtu yeyote isipokuwa balozi Mzee Sylvesta.

"Mzee, shikamoo. Wako wapi?"

"Marahaba. Si wako shambani? Wanasubiri injini ilie."

Nyongesa alishika kichwa. Injini ingelia vipi, na mwenye kuiwasha ni yeye, naye yuko hapa?

Afisa alifika, akamsikiliza balozi, akaandika, kisha akauliza mashahidi. Nyongesa akaonyesha madebe.

"Hawa hapa."

"Unanitania?" Afisa akarudi ndani kwenye faili zake.

Wakati huohuo, mpita njia mmoja aliona foleni. Miaka ile ukiona foleni unajipanga kwanza, kuuliza baadaye. Akaweka mfuko wake nyuma ya debe la mwisho. Wa pili akasema nadhani ni sukari. Wa tatu hakusema tena nadhani. Ilipofika saa nne mstari ulikuwa umefika barabarani, na uvumi wa sukari ulikuwa unapanda Nakwa kwa kasi kuliko Landrova yoyote.

Afisa alitoka, faili mkononi, akashangaa. Akamwita mtu mzima wa kwanza aliyesimama kwa miguu yake, Halidi, mwenye mgahawa pale stendi.

"Umekuja kumshuhudia huyu?"

Nyongesa alifumba macho. Alimjua Halidi. Huyo hajawahi kudanganya, hata palipohitajika.

"Hapana," alisema Halidi. "Nimefuata sukari."

Afisa akafunga faili.

"Lakini ngoja kwanza," Halidi akaendelea, akimtazama Nyongesa kisha faili. "Kumbe mnamwondoa Fundi? Tangu sabini na saba ananisagia. Mkimwondoa, hiyo sukari nitaitia kwenye uji wa unga upi?"

Mstari mzima uliangua kicheko, kisha ukaanza kupiga kelele. Huyu akasema Fundi alimsagia unga wa msiba bure, yule akasema alimtengenezea pampu. Kabla hawajanyamaza, akina mama wakatokea mbio kutoka Nakwa, matope hadi magotini, Mama Hilaria mbele akipiga kelele kwamba sukari au si sukari, debe la mbele ni lake na ataanza yeye. Akaanza. Akafuata Mama Bernadina. Walipofika wanane afisa aliweka kalamu chini akicheka hadi machozi.

"Inatosha, jamani! Niliomba wawili!"

"Tumepanga foleni, bwana," alisema Mama Hilaria. "Utatusikiliza wote."

Akawasikiliza, na saa tano ikampita. Nyongesa alisimama ukutani hadi alipoona muhuri ukishuka: kibali cha kuishi, miaka miwili, kinachoongezwa. Hapo vigelegele vilipasua mji.

Mtu mmoja tu alikuwa bado kwenye mstari. Alikuwa amejipanga mwisho kabisa, nyuma ya wasaka sukari wote, mikono mitupu.

"Na wewe, mama?" afisa aliuliza.

"Mimi ni mke wake," alisema Xaveria. "Ulisema sihesabiwi. Nimejipanga tu."

Afisa akalichukua lile jalada akalifungua tena, akapanga karatasi mpya mbele yake.

"Jina lako nani, mama? Tangu lini unamjua huyu?"

"Xaveria. Tangu alipokuwa akilala chini ya lori," alisema. "Nilikuwa nampelekea uji."

Afisa aliandika neno kwa neno, ingawa muhuri ulikuwa umekwisha kupigwa.