Aliyetaka Nimpokee Zamu Kwenye Theluji

Cheka ukitaka. Mimi pia ningecheka kama ningehadithiwa. Lakini haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa Dubai, asubuhi moja ya mwezi wa nane, jua la nje likichoma na mimi ndani nimevaa koti, glavu na buti.

Kuna ukumbi wa theluji ya kutengenezwa, watu huja kuteleza. Kazi yangu ilikuwa kuendesha trekta dogo la bustani lililofungwa mashine ya kurushia theluji kwa mbele. Mdomoni mwake mna chuma kilichojisokota kama parafujo. Kinaitafuna theluji, bomba linaitema pembeni. Kabla wateja hawajaingia nilikuwa naondoa theluji iliyoganda chini ya mteremko na kuirusha kwenye shimo la kuyeyushia. Hamisi, Mtanzania wa Tanga aliyenifundisha kazi, alinionya mapema: "Mdomo ukiziba, zima kwanza. Usitie mkono kamwe. Hata kiti kina swichi, ukiinuka tu injini inakufa."

Siku hiyo nilikuwa peke yangu ukumbini. Hamisi alikuwa chumba cha mitambo, tunawasiliana kwa redio. Nilipofika kona ya mwisho mashine ikaziba. Nikainuka. Injini haikufa. Nikazungusha ufunguo, nikauchomoa kabisa. Haki ya Mungu, ufunguo uko mkononi mwangu na trekta linanguruma! Halafu lile bomba lililoziba likaanza kutema. Theluji ikanizingira pande zote, nyeupe tupu, sioni mlango, sioni hata buti zangu.

Ndani ya weupe ule akatokea mzee wa Kiafrika, rika la baba yangu, amevaa koti la kazi lililochakaa. Nikadhani ni fundi. Kisha nikagundua kitu: mimi kila nikipumua mvuke unatoka. Yeye anaongea, na hakuna mvuke.

"Umekuja kunipokea zamu?" akaniuliza kwa Kiswahili, tena kwa upole.

"Zamu gani, mzee?"

"Yangu. Nimechoka, mwanangu. Vaa hizi, nikapumzike."

Akanyoosha glavu zake. Wewe ungefanyaje? Sisi tumelelewa kumpokea mkubwa mzigo kabla hajaomba. Mkono wangu ulishakwenda wenyewe. Kidole kimoja kikagusa ile glavu, na baridi ikapanda hadi begani.

Nikatimua mbio. Kutoka kona ile hadi mlangoni ni mwendo mfupi, ningeufuata nimefumba macho. Nilikimbia mpaka pumzi ikakata, nikajikuta mbele ya trekta lile lile, mzee ameketi kwenye kiti changu. Nikajaribu tena, upande wa pili. Trekta tena, mzee tena. Nikashika redio, "Hamisi! Hamisi, fungua mlango!" Sauti iliyojibu haikuwa ya Hamisi.

"Nipokee tu, mwanangu. Hakuna mwingine anayekuja."

Nikaanza kulia, sioni aibu kusema. Na katika kulia, sijui nani alinitia neno mdomoni, nikamuuliza, "Mzee, kwenu wanajua uko hapa?"

Uso ukamlegea. "Hawajui."

"Basi nipe jina na kijiji. Zamu sitaipokea, ila habari nitazifikisha."

Akanitajia, polepole, kama mtu anayekumbuka. Injini ikafa. Theluji ikashuka chini. Hamisi alikuwa mlangoni anapiga kelele, "Wewe! Saa nzima nakuita!"

Meneja alisema nililevywa na moshi wa petroli. Nilipomtajia Hamisi lile jina, alikaa chini palepale. Mtu huyo alifanya kazi mle kabla yake. Asubuhi moja aliingia zamu na hakuonekana akitoka. Wenzake wakaambiwa amerudi kwao.

Niliacha kazi mwezi ule. Sasa napiga pasi kwenye duka moja la dobi, mtaa wa Al Quoz, joto kutwa nzima, na kidole kile bado ni barafu. Kijiji nilikipata kwa simu, nikampata binti yake. Nikamwambia babake amechoka sana. Akaniuliza, "Anarudi lini?"

Kwa hiyo sikia, wewe uliye ughaibuni. Mtu usiyemjua akikuuliza kama umekuja kumpokea, usiseme ndiyo kwa adabu. Muulize kwao ni wapi, umwahidi kufikisha salamu, na uzifikishe kweli. Lakini mikono yako iweke mfukoni.