Mama mkwe alikufa akiamini nilimnyima mayai ya kuku wake

Admin, nifichie jina na kijiji. Wifi zangu wanausoma ukurasa huu, na wakinitambua nimekwisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Nilizaliwa upande wa Matongo, nikaolewa Serengeti, kijiji kisicho mbali na Robanda. Nina mtoto mmoja, bado ananyonya. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii, anakuja nyumbani akipewa likizo tu. Kwa hiyo bomani tulikuwa mimi, mtoto, mama mkwe na kuku wa mama mkwe.

Mama alipoishiwa nguvu za miguu, kazi zote zikawa zangu. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambeba kumtoa juani, na sikulalamika, maana alinipenda na mimi nilimpenda. Shida ilianza kuku walipoacha kutaga. Niliwapa pumba, nikawasagia dagaa, nikawatengenezea viota vya nyasi na kumwagia majivu ya kufukuza utitiri. Jirani akanishauri niweke yai moja kiotani liwavute. Nikaweka, wakalidonoa wakalila! Kuku wamenona, vilemba vyekundu, wanakula kuliko mimi ninayenyonyesha, lakini viota vitupu. Watu wakaanza kunicheka kisimani kwamba sina mkono wa kuku.

Mama naye alikuwa amekataa karibu kila chakula, anachotaka ni yai la kuku wake. Kila mchana kuku akitetea nje, ananiita kutoka kitandani, "Mke wa mwanangu, ametaga. Nenda kachukue." Naenda. Natafuta chini ya ghala, nyuma ya kuni, kwenye miba ya zizi, narudi mikono mitupu. "Mama, hakuna." Anasema, "Kuku hatetei bure." Ikabidi niagize mayai ya kisasa kutoka mjini Mugumu. Nikimkaangia, anatazama kiini kilivyopauka, anasukuma sahani. "Hili si la kuku wangu. Ya kwangu unampelekea nani?"

Jamani, neno lile liliniuma. Nilimpigia mume wangu simu nalia, akacheka, "Hao wamezeeka. Chinja mmoja umpikie mama supu." Nilipomwambia mama, alisema hajawahi kuona mtu anachinja kuku anayetaga. Akanigeuzia mgongo, akawa analala ameutazama ukuta. Neno la mwisho aliloniambia duniani ni lile lile, kwamba kuku ametaga, nikachukue. Nilienda na siku hiyo pia, sikupata kitu. Niliporudi alikuwa hazungumzi tena.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha, na wageni walikuwa wengi. Wanaume wakafungua nyumba ya tata, yaani marehemu baba mkwe, ili watu wajikinge. Ni nyumba ndogo nyuma ya boma, imefungwa tangu alipofariki. Msimu wa mavuno tembo waliutoboa ukuta wake wa nyuma, mume wangu akasema ataziba, hakuziba. Walioingia mle walitoka na mayai kwenye beseni. Mengine yameoza, mengine bado yana joto. Yote yalikuwa juu ya kitanda cha tata.

Asiye wa huku ataniuliza kwa nini sikutafuta mle. Kwetu mkamwana haingii anapolala baba mkwe, wala hachungulii, na hata akifa kitanda kinabaki chake. Tangu niolewe napita pale nimeinamisha uso, mpaka macho yakazoea kuiruka ile nyumba. Nilipekua boma zima, na nyumba ile haikunijia hata akilini. Nilikuwa nashika heshima niliyofundishwa, na mama kitandani kwake anasubiri yai.

Wifi yangu mkubwa aliinua yai moja mbele ya waombolezaji. "Kumbe hapa ndipo alipokuwa anamfichia mama!" Nikasema mimi siingii humo, kila mtu anajua siingii. Akajibu, "Nani alikuwepo akuone huingii?" Nikamtazama mume wangu, maana yeye tundu analijua na mimi ananijua. Akaangalia chini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndugu zangu.

Sasa uamuzi umetoka. Siku ya kumaliza msiba niende kaburini na yai mkononi, niseme mbele ya ukoo kwamba nilimnyima mama, niombe msamaha. Nikikataa, nirudi Matongo, na mtoto akiacha kunyonya watamchukua, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitolewa. Mume wangu ananiambia, "Sema tu yaishe, mama watoto. Maneno hayaui." Lakini nikisema, mwanangu atakua akiambiwa mama yake alimwacha bibi yake afe na njaa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenda kaburini natamani. Natamani kumwambia mama kwamba alisikia sawasawa, kuku walitaga kweli, na mimi pia sikumdanganya. Hilo ukoo hawataki kulisikia. Kuku bado wanataga mle mle. Mume wangu ameniruhusu niingie, anasema tata amekufa, hajui lolote. Siwezi. Nikionekana naingia leo, watasema niliingia tangu zamani. Nisipoingia, yanaoza, na harufu yake inafika mpaka jikoni. Kila mchana kuku akitetea namsikia mama ananiita, kwa sauti yake kabisa, na mwili unainuka kabla sijafikiri. Naogopa mchana kuliko usiku.

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, msinicheke. Nilishike yai hilo nikaseme uongo juu ya kaburi la mtu aliyekufa akiniona mwongo, au niondoke nimwache mwanangu? Nipeni neno, maana akili yangu imefika mwisho. Ninapoandika hapa kuku ameanza kutetea nyuma ya boma, na mimi nimeshasimama.