Mchongaji Ndani ya Mwethya

Mwanangu, kumwingiza mchongaji katika mwethya wetu kulinigharimu mbuzi mmoja, tena wa maziwa. Nimepiga hesabu mara mbili, na bado nasema ilikuwa bei nzuri.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Mukuyuni, nikiwa nimeolewa juzi. Kikundi chetu cha mwethya kilichimba mitaro ya kuzuia udongo, leo kwangu, kesho kwako. Asiyechimba hachimbiwi. Jirani yangu Mutiso alishinda akichonga, na shamba lake lilikuwa likienda mtoni. Sisi akina mama tulisuka vyondo, vikapu vyetu vya kamba, lakini wasafiri pale Malili, kando ya barabara kuu, walivigeuzageuza tu na kuviacha. Nikasema Mutiso atuchongee vifuniko, na siku yake ya kisu ihesabiwe siku ya jembe.

Mama Ndunge, mwenyekiti, alicheka akashika kiuno. "Mwanamume akae kivulini, mimi nimchimbie? Wewe umepigwa na jua!"

"Kwani mama, wewe husuka umesimama?"

Kikundi kikakataa, nami siku ya zamu ya mwingine nikaenda kumchimbia Mutiso. Wakanitoza mbuzi na kufuta zamu yangu, mvua ikiwa karibu. Bila mitaro, udongo wangu ungefuata wa Mutiso. Nikawaambia, "Mbuzi chukueni. Wazo siuzi."

Tukachimba mashamba yote mawili, mimi, Mutiso na mkewe. Mutiso alishika jembe kama anayeua nyoka, lakini mvua ilipokuja, mitaro ilishika maji.

Kisha tukapeleka Malili vyondo vyenye vifuniko vya kuchonga. Mnunuzi mmoja akataka vifuniko peke yake. Nikamwuliza, "Ukinunua ng'ombe, huchukua pembe tu?" Akachukua vyote.

Wiki hiyo Mama Ndunge akaja na kiondo chake, anatazama pembeni. "Huyu fundi wako ana nafasi?"

"Anayo, mama. Jumatano anachimbiwa. Njoo na jembe."

Alikuja, akanung'unika mpaka jioni, na mtaro wake ukawa mrefu kuliko wangu.

Basi mwanangu, usikubali kuambiwa kazi ni jembe peke yake. Na fundi naye asijione bwana. Mwingizeni kwenye zamu, achangie na achangiwe. Wakikutoza faini, lipa, kisha endelea. Mungu akupe mvua ya kutosha na shingo ngumu kidogo.

Sasa wewe uliyesoma, nishauri. Kuna kijana wa Kwa Vonza, mpiga gitaa, ameoa hapa na anaomba kuingia mwethya. Anasema akituimbia tutachimba haraka zaidi. Wimbo mmoja tuuhesabu hatua ngapi za mtaro?