Kamio ya Baba Kwenye Linux

"Ile kamio inakunywa mazutu ngapi?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza kutoka kinywani mwa baba baada ya kipindi kirefu cha kunyamaza, na hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwanafunzi mmoja aliyekuwa anangoja nimalize kumchapia kazi yake ya mwisho wa masomo. Nina kiduka cha kuchapa na kufotokopi hapa Uvira, si mbali na soko. Kijana alikuwa amefungua kompyuta yake ya mkononi na kucheza mchezo wa kuendesha malori ili asichoke kungoja. Kwenye kioo, lori jekundu lilikuwa linapanda mlima wa nchi ya baridi, miti imesimama pembeni kama imepangwa na mtu.

Kijana akacheka, akamwonyesha mshale wa mafuta. Baba akasogeza kiti chake cha plastiki kwa mguu mmoja, akauliza habari ya breki, kisha ya matairi, kisha akataka kujua kama pale mlimani kuna kona. Niliacha kuchapa. Kurasa za mwanafunzi wa watu zikanikwama kwenye mashine na sikujali.

Baba alikuwa shofere wa kamio, kama tunavyoyaita malori kwetu, tangu ujana wake. Njia yake ilikuwa Uvira na Bukavu, na msimu wa mavuno alipakia mchele wa uwanda wa Ruzizi, Bwegera na vijiji vya jirani. Kisha presha ikampiga, mkono na mguu wa kulia vikalala. Nikamhamishia kwangu, mtaa wa Rugenge, na kila asubuhi motari mmoja mpole alitubeba kwa pikipiki yake hadi dukani, baba katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Muuguzi alimpa mpira mdogo wa kufinya ili mikono isisahau kazi. Baba aliuweka dirishani. "Minye si mutoto wa kucheza mupira," alisema, na baada ya hapo maneno yakawa ya kuhesabika: chai, choo, twende. Sikuogopa mguu wake. Niliogopa kule kunyamaza. Nimeona wazee wakiamua kwamba yametosha, na huwa wanaanza hivyo hivyo, kwa kutouliza kitu.

Kwa hiyo mwanafunzi alipoondoka na baba akanigeukia akiuliza, "Na ya kwetu? Weka basi kwa ya kwetu," moyo wangu uliruka kwa furaha, halafu ukaanguka palepale.

Ya kwetu ilikuwa na Linux.

Naomba nieleze, maana watu hudhani niliichagua kwa kujionyesha. Mtu anayechapia wengine hapa mjini hupokea kila siku vidude vya kubebea mafaili, vimetoka mifukoni, vimepita kwenye kompyuta za mji mzima, na kila kimoja kimebeba ugonjwa wake. Nilikuwa nikisafisha leo, kesho virusi vimerudi na ndugu zake. Rafiki mmoja wa Bujumbura akanipa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta tofauti na ule wa wengi, akaniambia ni bure, niigawe kwa nimtakaye. Nikaiweka, magonjwa yakakoma. Vijana wa mtaa wakanipa jina la Mama Linux, wakaja kujaribu michezo yao, mpira na vita, ikakataa, wakaenda zao wakinicheka. Nami nikawajibu kwamba hapa ni pa kazi, si pa mchezo. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa. Sasa mzee wangu mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu anataka mchezo.

Nilifanya kama tunavyofanya sisi wote upande huu wa ziwa: kitu kikitakiwa, kinanakiliwa. Filamu, nyimbo, mahubiri, vyote husafiri kwa mkono. Kesho yake nikamwomba mwanafunzi aninakilie mchezo wake. Nikafungua faili kwa madaha, baba anatazama. Mashine ikaniuliza ningependa kulifungua kwa programu gani. Nikajaribu ile ya kusoma barua. Ukurasa mzima ukajaa alama ambazo hakuna aliyewahi kuzisema.

"Njo barabara hiyo?" baba akauliza.

Nikacheka hadi nikafuta machozi. Alikuwa ametania! Mtu aliyekuwa anasema chai na choo tu.

Ndipo nikaanza kutafuta, na nikiri kwamba utafutaji wenyewe ulinikolea. Nilikuwa sijui kwamba kuna watu dunia nzima ambao jambo hili linawakosesha usingizi. Mmoja ameandika kwamba mchezo fulani umefunguka kwake ila farasi hawana miguu. Mwingine anamjibu kwamba miguu itakuja toleo lijalo, avumilie. Wanapeana habari kama majirani kisimani. Kwao nilijifunza kwamba kuna programu ambayo inakaa kati ya mchezo na Linux, mfano wa yule mkalimani wa kanisani anayesimama kando ya mhubiri mgeni: mhubiri anasema lugha yake, mkalimani anaisema ya kwetu, waumini wanasema amina. Mchezo unadhani uko nyumbani kwao. Lakini michezo mingine, hasa ile ya kupigana na watu wa mbali, huweka mlinzi mlangoni wa kukamata wadanganyifu, na mlinzi huyo akimwona mkalimani anamshuku na kufukuza wote. Hapo nikaelewa kwa nini vijana wangu walishindwa. Mchezo wa malori haukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Ulitaka tu ununuliwe kihalali, na rafiki yule wa Bujumbura akanizawadia.

Kuushusha kwenye mtandao kulikula mega zote nilizoweza kuziweka, na umeme ulipokatika nililitegemea jua. Wakati tunangoja, baba alinifanyia mahojiano.

"Benye kutengeneza michezo, juu ya nini habatengenezee Linux yako?"

"Tuko bachache, Papa. Banasema watumizi habatoshi."

"Na watumizi, juu ya nini habatoshi?"

"Juu michezo haiko."

Kisha akanisimulia kwamba zamani, mbele kidogo ya Bwegera, kamio zilisimama kupoza moteri mahali pasipo hata kibanda. Mama mmoja akaleta ndizi. Akaja wa pili na mihogo ya kuchoma. Baadaye pakawa soko, na watu wakajenga. "Kamio ingengojea soko kwanza," alisema, "tungekula nini?"

Nilipenda maneno hayo, na nikataka kuyaandikia wale majirani zangu wa mtandaoni. Lakini mimi nami ni mdadisi, nikauliza lile soko liko wapi siku hizi, maana sijaliona.

"Ilikufa. Kamio za sasa hazichemuke. Zinapita tu."

Sijui hata leo mfano wake unasema nini: kwamba mmoja lazima aanze, au kwamba aliyeanza anaweza kuachwa njiani. Labda yote mawili. Kompyuta yangu ni nzee, na mimi ni mteja mmoja wa mji mmoja. Nilimwonea wivu yule mama wa ndizi, aliyeweza angalau kuona vumbi la kamio ikija.

Mchezo ulipokamilika tukaufungua, na kioo kikawa cheusi. Nikangoja. Cheusi. Nilikuwa karibu kuuzima kwa hasira wakati sauti ilipoanza: moteri inaunguruma taratibu, inapumua. Picha hakuna. Baba akafumba macho, akainua mkono wa kushoto ili nisiguse kitu.

"Acha," akasema. "Iko moto sasa. Acha ipate moto."

Basi kwa siku kadhaa tulikuwa na kamio ya masikio tu. Wateja waliingia wakakuta mzee amefumba macho mbele ya kioo cheusi, wakaniangalia kwa huruma, wakidhani ni maombi. Nikawaambia ni moteri inapashwa moto. Wengine waliitikia kwa heshima na kuondoka haraka zaidi. Nami kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi za watu, nilikwenda kutazama kama wale wa mbali wametoa toleo jipya. Niliwaandikia kwa Kifaransa changu cha shule, nikasema mashine yangu ni ya namna gani, na kwamba shofere yuko tayari ila barabara haijafika. Mtu asiyenijua, ambaye hata sijui analala nchi gani, alinijibu kwamba tatizo wamelikuta kwa mashine nzee nyingi na wanalishughulikia. Mashine nzee nyingi! Kumbe hatukuwa peke yetu. Nilimsomea baba jibu lile mara mbili, akataka la tatu.

Na toleo likaja. Ilikuwa mchana, upepo wa ziwa umeanza kuvuma kama kawaida yake. Mlango wangu huwa naushikizia jiwe la mto, moja ya yale yaliyoletwa na mafuriko na hakuna aliyekuja kuyadai. Nilikuwa namkatia mteja picha za pasi nilipomsikia baba akisema polepole, "Barabara iko."

Ilikuwepo. Nyeusi, laini, na mistari myeupe, na mbingu ya mawingu. Picha ilikuwa inakwamakwama kidogo, ila ilikuwa barabara. Nikavuta kiti. Nikamwonyesha: kidole hiki kwenda, hiki breki, hivi viwili kukata kona. Mkono wa kushoto ulitosha, hilo nilikuwa nimelihakikisha mapema.

Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Alipiga honi kila kona. Kwenye mpando alipunguza mwendo ili moteri isichemke, na walio nyuma yake wakapiga kelele zao za mashine. Alipoteremka na kuona lori linapanda, alisogea pembeni na kusimama, kwa sababu kwetu mwenye kupanda na mzigo ndiye mwenye njia, hilo halijadiliwi. Lile lori lilipita bila hata kumulika taa za shukrani. "Bashofere ba huku habana adabu," akasema. Akaona kituo cha basi, akasimama tena, akangoja.

"Papa, unangoja nini?"

"Bantu. Muntu hawezi kupita na nafasi yote hii juu ya muzigo." Akatazama kushoto na kulia. "Lakini bantu beko wapi?"

Nikamwambia nchi hiyo haina wa kuomba lifti. Alisikitika kabisa, si kwa mchezo. Mchezo ukaandika kwamba amechelewa kufikisha mzigo. Nikamsomea. Akauliza mzigo ni nini, nikasema ni mbao. "Mbao haziozi," akajibu, akaendelea na mwendo wake uleule.

Wateja walikuwa wamejaa nyuma yetu wakati huo. Vijana wale walionicheka nao walikuwepo, mmoja anamwelekeza, baba anamwambia anyamaze, hapa hakuna turniboi, utingo wa kumwelekeza shofere. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, ile ya kutaka kumwonyesha mtu, na mtu wa kuonyeshwa ndiye aliyekuwa anaendesha.

Kisha akafika kwenye mlima mrefu. Katikati ya mpando akasimama. Nilidhani amechoka. Kidole kilikuwa kimebana breki hadi ukucha umekuwa mweupe, na hakukiondoa. Nikamwambia aachie, apumzike. Hakuachia.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "jibwe."

Nilipokuwa mtoto, likizo zote, nilipanda naye kamio hadi Bwegera, na kazi yangu pekee ilikuwa hiyo. Akisimama kwenye mteremko au mpando, hakuondoa mguu kwenye breki hata kama amechoka vipi, mpaka mimi niruke, niweke jiwe nyuma ya gurudumu, nipaze sauti kwamba liko. Ndipo alipozima na kushuka. Rafiki yake mmoja hakungoja jiwe, na hatukuwa tukimtaja tukipita pale ilipomrudia kamio yake.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba hii si kamio, Papa, hairudi nyuma, ni picha. Nikaufunga. Nikaenda mlangoni, nikainua lile jiwe la mto kwa mikono miwili. Upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu, karatasi za watu zikaruka, hakuna aliyeziokota. Nikapiga magoti, nikalisukuma nyuma ya mguu wa kiti chake cha plastiki, likabana.

"Iko, Papa."

Akasubiri kidogo, kama alivyosubiri siku zote, ahakikishe. Kisha akaachia kidole.