Moshi Chini ya Blanketi

Zamani mtu aliyekupa dawa aliionja kwanza mbele ya macho yako, akameza, ndipo akakukabidhi kibuyu. Siku hizi dawa hutoka kwenye kifuko kinachong'aa, na aliyekuuzia hata jina la baba yako halijui.

Augustino Mhagama alilisema neno hilo mara nyingi, na watu wa mtaa wake wa Vårby gård walimzoea hivyo, mzee wa kunung'unika. Aliletwa Uswidi kijana, ajifunze ufundi wa mitambo ya karatasi arudi kujenga nchi. Hakurudi. Miaka yake ya kazi aliimaliza chini ya mabasi ya jiji, mgongo sakafuni, grisi kwenye nyusi. Shule yake kubwa ilikuwa maktaba ya mtaani, alikosoma magazeti mpaka wahudumu wakazima taa. Mke alikwisha kumzika. Marafiki wa enzi zile, waliokuwa wakiingia kwako bila hodi na kujipakulia chunguni, walikuwa wametawanyika au wamelala makaburini. Aliyebaki ni Ephraim.

Ephraim na mkewe Brigitha walikaa Bredäng, vituo vichache tu kwa treni ya laini nyekundu. Ephraim alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mzee wa kanisa, mcheshi kupita kiasi. Akimwona rafiki yake mlangoni husema, "Mngoni umekuja kuteka nini leo?" Naye Augustino hujibu, "Nimekuja kukagua kama Nshomile, msomi wetu wa Kihaya, bado anasoma gazeti juu chini." Brigitha huwa jikoni akicheka. Utani wa namna hiyo vijana wa leo wanauona matusi.

Kisha Ephraim akapata saratani ya damu. Matibabu yakaisha vizuri, madaktari wakasema amepona ila kinga ya mwili bado ni dhaifu, ajihadhari hata na mafua. Lakini maumivu ya mifupa hayakumwacha. Alilala akiwa ameketi, akasinzia mezani, utani ukaanza kumkauka mdomoni. Ndipo akasikia kwa watu kwamba Kuria, Mkenya mwenye duka la simu na nywele za bandia, ana dawa.

Wakaenda wawili.

"Wazee wangu, hii ni bangi iliyotolewa ulevi," Kuria alisema, akiweka juu ya kaunta kifuko cha fedha chenye zipu. "Hailewi hata kidogo. Inatuliza tu mwili. Mama yangu mwenyewe anaitumia."

"Mama yako yuko wapi?" Augustino akauliza.

"Nyeri."

"Kwa hiyo hapa hakuna wa kumwuliza."

Kuria alicheka. Augustino akageuza kifuko, akasogeza miwani, akasoma maandishi madogo ya Kiswidi kwa sauti: ya kunukisha chumba, si ya kula wala kuvuta.

"Aah, hiyo ni ya kuridhisha serikali, mzee. Lazima waandike hivyo."

"Mngoni, acha kusoma makaratasi, mguu unaniuma," Ephraim alisema. Wakanunua.

Tatizo lilikuwa namna ya kuitumia. Mzee wa kanisa hawezi kuonekana roshani na msokoto mdomoni. Brigitha ndiye aliyekumbuka kujifukiza, kama walivyofukizwa utotoni homa zikiwashika. Ephraim akafurahi. "Kuvuta ni dhambi," akasema, "kujifukiza ni tiba. Hata mchungaji amefukizwa." Kengele ya moshi iliyokuwa darini wakaivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Brigitha akapasha kikaango cha chuma mpaka kikawa moto mkali, akakiweka sakafuni juu ya ubao wa kukatia mboga. Ephraim akakaa kwenye kigoda, Augustino mbele yake, naye akitaka kutibu magoti yake mabovu, blanketi zito likawafunika wote wawili.

Ephraim aliyafikicha yale maua makavu ya bangi kwa vidole juu ya kikaango. Vumbi la kijivu likapanda. Lilinuka kama godoro lililolowa likasahauliwa stoo.

"Hii imevunda," Augustino alisema gizani.

"Wewe ulikulia kwenye mahindi ya kuhifadhi, unaogopa vumbi? Vuta pumzi!"

Wakavuta. Wakakohoa, wakacheka kama watoto waliojificha. Usiku ule Ephraim alilala amenyooka kitandani, mara ya kwanza tangu hospitali. Asubuhi alipiga simu kutangaza habari hiyo kama mtu aliyepata mtoto. Wakarudia, na wakarudia tena, mpaka kifuko kikafika nusu.

Homa ilianza polepole, ikaja na kikohozi kikavu, kisha makohozi yenye damu. Ambulensi ilipomchukua Ephraim, kabla Brigitha hajavaa koti la kumfuata, alikiendea kifuko kabatini, akakitumbukiza kwenye shimo la taka la ghorofa. Augustino alikisikia kikigonga kuta za bomba kikishuka.

"Shemeji," Brigitha alimwambia, akimshika mkono kwa nguvu, "hatukufukiza kitu. Umenielewa? Mimi natunza wazee wa watu, nagawa dawa zao. Wakisikia bangi nyumbani kwangu, kazi sina. Na polisi watakuja hapa wachukue mkojo wako na wangu."

Augustino aliitikia kwa kichwa. Alikuwa raia wa nchi hii kwa miaka mingi, lakini hofu haiulizi pasipoti. Alijua kwamba hapa hata kutumia tu ni kosa. Kila gari jeupe la polisi lenye mistari ya bluu lililopita chini ya dirisha lake lilimpeleka mbali na pazia. Na yeye pia alikuwa akikohoa. Alikuwa akitema kwenye karatasi nyeupe, anaipeleka kwenye mwanga wa jiko, anaikagua.

Hospitalini Ephraim alipewa dawa ya nimonia. Haikufanya kitu. Alilala na bomba la hewa puani, macho yamezama, akihesabika mbavu. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaketisha Brigitha na Augustino kando ya kitanda.

"Dawa hizi zingekuwa zimeshaanza kufanya kazi," alisema kwa Kiswidi. "Nawaza kitu kingine. Je, amekuwa mahali penye vumbi? Nyasi kavu zilizooza? Stoo yenye kuvu? Ndege?"

"Hapana," Brigitha alisema.

"Udongo wa bustani?"

"Hapana."

"Kitu chochote alichovuta? Nauliza kwa sababu mtu mwenye kinga dhaifu, vumbi la kuvu likiingia mapafuni linaota humo."

"Mume wangu havuti kitu. Ni mzee wa kanisa."

Augustino alitazama sakafu. Neno *linaota* lilimwingia kama msumari. Aliona lile vumbi la kijivu likipanda gizani, akaona mdomo wa Ephraim ukiwa wazi ukicheka. Daktari akainuka, akatoka. Brigitha akamkazia macho Augustino, asisogee popote.

Ephraim alikohoa. Alitafuta hewa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni asiuone.

Augustino alisimama. "Naenda msalani," alisema.

Alimkuta daktari mwisho wa korido. Maneno yalimtoka vipande vipande: duka, kifuko, kikaango, blanketi. Alipolitaja jina la mmea alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayetarajia pingu.

Daktari aliitazama ile mikono. "Mzee, mimi ni daktari wa mapafu, si askari. Mgonjwa kutumia kitu hiki, jambo hilo linabaki ndani ya siri ya hospitali. Kilikuwa kimevunda?"

"Kilinuka uvundo."

"Na wewe ulikuwa naye chini ya blanketi?"

"Nilikuwa naye."

"Basi wewe pia tutakupiga picha ya kifua. Leo."

Dawa ya kuvu ilianza siku ile ile, hata kabla vipimo havijarudi. Kifua cha Augustino kilikutwa safi. Mwili wenye kinga hupambana. Cha Ephraim kilikuwa na madoa, na daktari hakuahidi kitu. Brigitha alipojua, alimsubiri Augustino mlangoni pa wodi.

"Umeniuza, shemeji."

"Nimewaambia wanachotibu."

"Umeniuza. Na kazi yangu, na jina lake. Kesho kanisa zima litajua."

Kanisa zima lilijua kweli, ingawa si kwa Augustino. Mtu aliwaona dukani kwa Kuria, mtu akauliza, mtu akaongeza chumvi. Siku hizi habari hazihitaji miguu. Kazini kwa Brigitha hakuna aliyemwita, wala polisi hakugonga mlango wa mtu, lakini yeye aliendelea kuruka kila kengele ilipolia.

Augustino alikwenda kwa Kuria. Vifuko havikuwepo tena. Palikuwa pamening'inia vifuniko vya simu.

"Mlifukiza?" Kuria alishangaa, au alijifanya. "Mzee, mimi niliuza harufu ya chumba. Si ulijisomea mwenyewe hapa hapa?" Kisha akashusha sauti. "Ukienda kwa askari, kumbuka mlikuja wawili."

Akaenda manispaa kwa mshauri wa haki za wanunuzi, akasema anauliza kwa niaba ya rafiki. Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza. Alimweleza kwamba aliyeumizwa na bidhaa mbovu anaweza kudai fidia, na kwamba maandishi madogo hayamwokoi muuzaji moja kwa moja ikiwa kwa mdomo aliiuza kama dawa. Lakini itahitajika bidhaa yenyewe, na kifungashio, na aliyedhurika aje aseme mwenyewe. "Na nisikufiche," akaongeza, "nyingi ya bidhaa hizi zikipimwa hukutwa ulevi bado umo. Hapo sheria inaziita mihadarati, na atakayezileta ataulizwa alizifanyia nini. Rafiki yako atafute wakili kwanza."

Augustino aliyapeleka maneno hayo Bredäng. Ephraim alikuwa amerudishwa nyumbani. Brigitha alifungua mlango kwa kadiri ya mnyororo.

"Haki?" alisema. "Nikaipangie foleni kituo cha polisi?" Nyuma yake sauti nyembamba iliuliza, "Ni Mngoni?" Brigitha alifunga mlango.

Alirudi mara kadhaa, hawakufungua. Mwishoni jina lililobandikwa mlangoni likawa la watu wengine.

Mara ya mwisho kuwaona, siku chache kabla ya hapo, alikuwa ndani ya treni, imesimama Bredäng. Walikuwa wameketi kwenye benchi la stesheni, na masanduku mawili. Ephraim alikuwa amekonda, koti limemmeza, lakini alikuwa akimsimulia mkewe jambo kwa mikono kama zamani. Brigitha akacheka. Ephraim naye akacheka, kisha akalazimika kuacha, akainama, akisubiri pumzi, na Brigitha akaweka kiganja mgongoni pake bila haraka, mpaka ikarudi. Augustino alikuwa amesimama mlangoni pa behewa, hatua moja kutoka kwao. Alifungua mdomo aite. Kisha akaogopa Brigitha akimwona asije akauondoa ule mkono mgongoni, na milango ikafungwa.