Nathanaeli na Ngozi ya Meno

"Kifo kinanijua kwa jina, ila namba yangu ya simu hakina." Nathanaeli aliyasema hayo sokoni Same, amesimama juu ya mifuko ya saruji, na akina mama waliokuwa wakisubiri kurudi Chome wakacheka, wakapanda lori.

Alikuwa utingo wa Rogers, dereva na mwenye lori. Kazi yake ilikuwa gogo: lori likishindwa mlima, anaruka chini na kulisukumia gogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi kinyumenyume. Mara mbili gogo liliteleza, naye akatoka na shati limechanika lakini mwili mzima. Kosa letu, watu wa Chome, lilianzia hapo. Abiria wakawa wanauliza kwanza, "Nathanaeli yupo?" ndipo wapande. Rogers naye, ambaye hata honi huipiga kwa kubania, akaona matengenezo ya breki yanaweza kusubiri.

Mara ya tatu tairi lilipita juu ya kandambili yake, mguu ameuchomoa punde tu. Jioni ile binti yake Evaline, wa kidato cha tatu, akamwambia, "Baba, Waingereza wanasema umeponea ngozi ya meno."

"Meno yana ngozi?"

"Hayana."

"Basi hao hawajasema kitu."

Mkewe Ernesta alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Wamesema, baba Eva. Wamesema katikati yako na kifo hapakuwa na kitu. Acha hiyo kazi."

"Nikiacha, akina mama watapanda na nani?"

"Watembee. Miguu wanayo. Na wewe bado unayo."

Nathanaeli alicheka, na siku ya soko akaenda.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Chome lori lilizimika, likaanza kurudi. Nathanaeli aliruka, akaweka gogo, likateleza kwenye tope. Akalifuata, akaliweka tena. Lori likasimama. Abiria wakashuka wazima wote, wakampigia makofi, na waliendelea kupiga mpaka Rogers alipozunguka nyuma ya lori na kuvua kofia. Nathanaeli alikuwa chini ya tairi, pamoja na gogo.

Msibani kila aliyekuwa ndani ya lori lile alisimulia alivyoponea chupuchupu. Ernesta alikaa mkekani akiwasikiliza mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata Rogers alipata utingo mwingine. Breki bado. Nauli ya kupanda juu ya mzigo, Same hadi Chome, ni ileile, shilingi elfu saba.