Zimwi Kwenye Vichanja vya Kahawa

Mwezi uliopita nilipanda Itaka kujengea kaburi la bibi. Nimeshuka tu kwenye bodaboda, nikakutana uso kwa uso na mzee wa kanisa wa enzi za utoto wangu. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Nikamwamkia, akaitikia, halafu badala ya kuniuliza habari za Tunduma ninakoishi akaniuliza:

"Yale mambo yako, uliyaacha?"

"Sikuyaacha, mzee. Kila Jumamosi mchana wanakuja watu wazima nyumbani kwangu, wengine na ndevu zao, tunakaa mezani tunacheza."

Akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake. Nami nikasimama pale njiani nacheka peke yangu. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, ni mambo gani hayo ambayo mtu hajayasahau mpaka uzeeni.

Bibi alikuwa na shamba la kahawa lililoteremka mpaka bondeni. Likizo ya mwezi wa sita ilitukuta kwake kila mwaka, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukitokea kwa wazazi wetu upande wa pili wa kijiji. Asubuhi baridi ya Mbozi inakung'ata masikio, ukungu umelala juu ya migomba, na tayari unasikia mashine ya mkono ikisaga, krr, krr, inamenya matunda mekundu. Kahawa ikishachachuka na kuoshwa, iliendelea kunukia utamu wenye ukali kidogo, kama togwa iliyosahauliwa. Kisha inaanikwa kwenye vichanja, na hapo ndipo kazi yetu watoto ilipoanza: kuigeuza, na kuchambua mbegu mbovu, nyeusi na zilizopasuka, moja moja, kutwa nzima. Mchana tunaletewa makande na parachichi lililonyunyizwa chumvi. Kazi hiyo haikuwa nzito. Ilikuwa inachosha akili tu, na akili iliyochoka hutafuta pa kukimbilia.

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mjomba aliyeuza mitumba Tunduma alifungua belo la vitu vya watoto, akakuta boksi ambalo hakulielewa. Akanipa mimi, kwa kuwa eti ndiye msomi. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada na nusu ya kurasa, na dadu za ajabu. Dadu tulizozijua sisi ni zile za ludo. Hizi, moja ilikuwa na ncha kama paa la msonge, nyingine ina nyuso nyingi mpaka inakaribia kuwa duara. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinisaidia maneno magumu wakati wa mapumziko, na kidogo kidogo nikaelewa. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi. Msimulizi anawaeleza wanachokiona, kisha anawauliza: sasa unafanya nini? Wakijaribu jambo gumu, dadu ndiyo inaamua kama litawezekana. Mengine yalibaki kwenye kurasa zilizopotea, nikayatunga mwenyewe.

Nikawa msimulizi. Wachezaji wangu walikuwa mdogo wangu, mapacha wa kiume wa jirani, na binti wa mzee wa kanisa, ambaye shamba lao lilipakana na letu. Tulizunguka kichanja, mikono ikichambua, dadu zikirushwa kwenye ungo. Bibi alitusikiliza siku ya kwanza, akaangalia kahawa, akaona inakwenda vizuri. "Mdomo ucheze," alisema, "mikono isilale." Ndiyo ikawa sheria yetu.

Kitabu kilizungumzia ngome na theluji. Nani kati yetu aliwahi kuona theluji? Nikaitupa. Nikajenga mji wetu karibu na kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Juu ya mji kulikuwa na pango lenye chemchemi, na zimwi limeikalia chemchemi ile, hakuna anayechota bila kulipelekea ng'ombe. Mapacha walikuwa mashujaa wenye mikuki. Mdogo wangu alikuwa mganga wa mitishamba aliyeogopa damu. Binti wa mzee wa kanisa, msichana mkimya aliyezoea kuambiwa nyamaza nyumbani na kanisani, alichagua kuwa mhunzi. Alitaka kufua silaha kutoka kwenye chuma cha kimondo.

Niliwaza watapigana. Nilishaandaa sauti ya zimwi, ya kutokea tumboni, na mapigo ya kifuniko cha sufuria. Tulipofika pangoni, mapacha wakashika mikuki. Nikauliza, "Mhunzi, unafanya nini?" Akaacha kuchambua, akaniangalia.

"Naweka nyundo chini. Naliuliza zimwi: nani alikuweka hapa?"

Katika hadithi yangu zimwi lilikuwepo tu. Wote walikuwa wananitazama, na ndipo nikajua kwamba hadithi si yangu tena. Nilipata hofu, na furaha ambayo mpaka leo sijaipata kwingine. Nikajibu kwa sauti ya zimwi, polepole: "Waliniweka wazee wa mji wenu. Ng'ombe wale siwali mimi. Wanawala wao." Mmoja wa mapacha alipiga yowe la kushtuka lililovuka bonde.

Yowe hilo ndilo lililomleta jirani mmoja, mama aliyekuwa akipita na kuni. Akaona dadu, akanisikia nikiunguruma, akaenda kumwambia mzee wa kanisa. Kesho yake mchana mzee wa kanisa akaingia uani bila hodi. Akaziokota dadu kutoka kwenye ungo, akazigeuzageuza.

"Hii ni ramli," alisema. "Mnaita mapepo mchana kweupe." Akamgeukia binti yake. "Inuka, twende."

Binti hakuinuka. Aliendelea kuchambua mbegu. Alisema, kwa sauti tuliyoisikia sote: "Baba, subiri zamu yangu iishe."

Baba yake alimwinua kwa mkono. Dadu zikatupwa chooni.

Jumapili, baada ya ibada, niliitwa ofisi ya kanisa. Wazee watatu mezani, mimi nimesimama, bibi kwenye benchi nyuma yangu akiwa na kitenge chake cha Jumapili.

"Kiri kwamba ulikuwa unapiga ramli," mzee wa kanisa alisema, "utubu mbele ya washarika, yaishe."

"Haikuwa ramli, mzee. Ramli inamwambia mtu yatakayompata. Sisi tunamuuliza mtu atafanya nini."

"Unabishana na wazee?"

"Shikamooni, wazee wangu. Lakini siwezi kutubu. Sijakosa."

Mwingine, mpole zaidi, akamgeukia bibi. "Mama, mwambie mjukuu wako aseme neno moja tu."

Bibi alijitengeneza kitenge. "Ni shetani gani huyo anayekuja kunichambulia kahawa? Kama yupo, mwacheni arudi kesho. Kazi bado ipo."

Nikaondolewa kwenye kwaya ya vijana. Iliniuma, nisikudanganye, kwa maana nilipenda kuimba, na Jumapili zilizofuata nilikaa benchi la nyuma nikisikia sauti ya pili ikiyumba bila mimi. Lakini nilikaa pale pale kanisani. Sikukimbia, na wala sikuinamisha kichwa.

Na mchezo? Jumatatu tulikuwa kwenye kichanja. Mbegu ya kahawa, ukiitazama vizuri, ina upande bapa na upande wa mviringo. Tukachukua konzi ndogo, tukarusha kwenye ungo, tukahesabu zilizolala kifudifudi. Zikiwa nyingi, umefaulu. Mtu anayetaka kututupia dadu chooni sasa ingebidi atupe zao la wilaya nzima.

Binti alikatazwa kuvuka mpaka wa shamba. Hakuvuka. Alikuja kuchuma kahawa kwenye mstari wao wa mwisho, sisi tukasogeza kichanja upande ule, na mdogo wangu akawa anarusha mbegu kwa niaba yake. Sauti inatoka katikati ya majani: "Mhunzi anaingia mjini! Anagonga kwa mzee mkuu!" Siku moja tukasikia sauti ya baba yake huko huko shambani ikimkemea. Kisha, kwa nguvu zaidi: "Anagonga tena!"

Msimu haujaisha, akapelekwa Tunduma kwa shangazi yake, akauze mchele. Hakuaga. Mapacha walitaka mmoja wao amchukue mhunzi tuendelee. Nilikataa. Niliwaambia mtu yule ana mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na duka langu Tunduma, mama mmoja mnene mwenye kicheko alinishika mkono sokoni. Ndiye mhunzi wetu. Ameolewa ng'ambo, Zambia, ana wanawe. Tulisimama pembeni ya magunia ya mchele wa Kamsamba tukazungumza mpaka wateja wakanung'unika. "Walidhani wamenihamisha," alisema. "Kule dukani kwa shangazi nilikuwa napima mchele huku mhunzi anazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, anawaambia watu nani anakula ng'ombe wao." Siku hizi baadhi ya Jumamosi huvuka mpaka, akakaa mezani kwangu, na huwa wa kwanza kuweka silaha chini na kuuliza swali.

Kule Itaka vichanja havipo tena. Watu wanapeleka matunda mabichi kwenye mtambo wa ushirika siku ile ile ya kuchuma, na watoto hawana haja ya kukaa kutwa pamoja wakichambua. Ni rahisi zaidi, silalamiki. Bibi hayupo. Mdogo wangu yuko Saza kwenye machimbo ya dhahabu, hupiga simu sikukuu. Mashine ya mkono nimeikuta imelala kwenye nyasi, kuku wanataga ndani yake. Hivyo vyote navililia, tena bila aibu. Nikiwa nasimamia mafundi pale kaburini machozi yalinitoka nikasingizia vumbi la saruji.

Lakini ofisi ile, na wazee wale watatu, na lile neno moja walilolitaka kinywani mwangu, hapo sina cha kulilia. Hawakulipata nikiwa mtoto niliyesimama peke yangu mbele ya meza. Nani atalipata leo?